Namba 212 na Nguruwe wa Parokia

Mnacheka, na mcheke tu, maana mimi mwenyewe nimeanza kucheka kidogo, ingawa majuma mengi yalipita kabla sijaweza kukatiza mbele ya ukumbi wa parokia bila kuvuta kofia hadi kwenye nyusi. Ila mjue kwamba siku ile sikujiaibisha peke yangu (hilo ningelivumilia, nina mazoezi ya kutosha). Nilimfanya mama mkwe wangu aitwe mwizi mbele ya watu wote, na ilikuwa siku ileile ambayo akina mama wa shirika letu la kanisani walipaswa kuamua kama ni mtu wa kuaminiwa au la. Yote hayo yalitokana na mstari mmoja wa programu, wenye maneno mawili tu, ambao niliufuta kwa kidole changu, Alhamisi alasiri, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba fufu.

Nianze kwa utaratibu.

Mimi ninatengeneza redio na simu hapa Vulamba, na kila Jumamosi, nyuma ya karakana yangu, wanakutana watu wanane wenye ugonjwa mmoja: tunaandika programu kwa lugha ya BASIC. Waliosoma informatique sekondari wataikumbuka. Ni ile lugha ya zamani ya kuiamuru kompyuta, ambayo mwalimu aliiandika ubaoni kwa chaki nasi tukainakili daftarini, na wengi wetu tukamaliza shule bila kuigusa kompyuta yenyewe hata siku moja. Nadhani ndiyo maana tunaipenda hivi, kama mtu aliyeandikiana barua na binti miaka sita ndipo akaonyeshwa uso wake. Mashine zetu ni kuukuu, zile ambazo wafanyabiashara wanazileta kwa kontena na hakuna anayezitaka, lakini BASIC haidai mashine mpya wala haidai mtandao: unaandika, unabonyeza, inakujibu, na paneli ya jua juu ya bati inatosha.

Sasa, tulisikia kwa simu kwamba huko nchi za mbali wako watu kama sisi, wanaoshindana kuandika programu yenye mistari kumi tu, basi na sisi tukafanya hiyo kuwa sheria yetu. Mistari kumi, si zaidi. Hakimu ni Kavira, mwalimu wa hisabati, msichana mwembamba mwenye macho yasiyosamehe, ambaye anahesabu mistari yako ubaoni kwa sauti, na akifika kumi na moja anaifuta yote kwa kiganja na kukupa ufagio ufagie karakana. (Karakana ni yangu, lakini niliifagia mara nyingi kama mpangaji.)

Mwaka huu parokia ilitaka kufanya tombola, yaani bahati nasibu, ili kubadili bati za ukumbi, na zawadi ya kwanza ilikuwa nguruwe jike mwenye mimba, mnyama mkubwa mweupe ambaye kila aliyemwona alinyamaza kidogo kwa heshima. Papa Mbusa, mkubwa wa kamati, akaja karakana akiwa na shida. Mwaka uliopita tiketi zilitolewa kwenye kitunga kwa mkono, na mkono ukamtoa binamu wa mwenye mkono, na manung'uniko yalidumu hadi Kwaresima.

“Kasereka,” akaniambia, “batu balisema sana. Donc mwaka huu tunataka ordinateur njo ichague. Munaweza?”

Kompyuta ichague, tunaweza? Jamani, kuniuliza mimi swali hilo ni kama kumwuliza mbuzi kama anaweza kuonja majani ya maharagi. Tiketi mia tatu, programu inachagua namba, inaionyesha kwa tarakimu kubwa ukutani. Nikasema tunaweza, tena kwa mistari kumi.

Hapa inabidi niwajulishe Mama Kahindo, mama wa mke wangu. Yeye ni mtu wa Mbau, kwenye barabara ya Oicha, na huko alikuwa na shamba la kakao na nguruwe kumi na wanne ambao kila mmoja alikuwa na jina. Alikimbia vita kama watu wengi wa huko walivyokimbia, akiwa na mtoto wa jirani mgongoni na sufuria moja kichwani, akafika kwetu, na tangu hapo anakaa nasi. Kwake alikuwa mtu wa kutafutwa, hapa akawa “ule mama ya Mbau,” anayeketi mwisho wa benchi. Polepole, kwa kuosha vyombo vya kila msiba na kubaki wa mwisho katika kila harusi, alisogea benchi kwa benchi, hadi mwaka huu akina mama wa shirika wakamtaja awe mtunza sufuria. Nyinyi mnajua sufuria za shirika ni kitu gani: zile kubwa za kupikia watu mia mbili, na vijiko, na sahani, na chumba chenye kufuli. Ufunguo ule hapewi mtu hivihivi. Walipanga kuamua Jumapili, palepale ukumbini, baada ya tombola. Wiki nzima mama mkwe hakusema neno juu yake, ila alifua kitenge chake kimoja mara mbili.

Alhamisi nikamaliza programu. Nikahesabu mistari: kumi na moja. Nikahesabu tena kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayetumaini. Kumi na moja. Nilitazama ni mstari gani ungeweza kutoka, na macho yangu yakatua kwenye ule wa pili, RANDOMIZE TIMER. Huu ni ule unaoiambia mashine ichanganye namba kwa kufuata saa kabla ya kuanza kuzitoa. Hauandiki kitu kwenye skrini, hautoi mlio, haufanyi lolote ambalo jicho linaliona. Nikawaza: namba zenyewe si zinatoka ovyo ovyo tayari? Nikaufuta. Nikaiwasha programu nione. Ikatoka 212. Nikabonyeza, ikatoka 161. Nikabonyeza tena, 174. Ovyo kabisa, safi kabisa! Nikafunga kompyuta nikijipongeza, wala sikuiwasha programu mara ya pili kutoka mwanzo, jambo ambalo hata anayejifunza wiki ya kwanza hulifanya. Wenzangu wa kikundi nao niliwaficha maandishi yale hadi Jumapili, maana nilitaka Kavira ayaone mara ya kwanza mbele ya watu, ahesabu kumi, akose la kufuta.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba namba ya kwanza ilipotoka, mama mkwe alikuwa akipita na beseni la viazi vitamu.

“Mukwe, ile namba kubwa ni ya nini?”

“Ni ile ya kwanza, Mama. Vile itaonekana dimanche.”

Nilimaanisha vile itakavyoonekana Jumapili, ukubwa wake, rangi yake. Yeye akaitazama kitambo, akasema “Mm,” akaenda zake na viazi. Kesho yake akaenda kununua tiketi, akaomba namba 212.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, nguruwe naye akinguruma karibu nayo akiwa na utepe mwekundu shingoni, na Kavira alikuwa ameelekeza projekta kwenye shuka jeupe lililofungwa ukutani. Papa Mbusa akanipa kipaza sauti niseme maneno mawili. Nikasema kama mia mbili. Nikawaeleza BASIC, nikawaeleza mistari kumi, na kwa kumalizia (hapa ndipo nikikumbuka masikio yanawaka) nikainua kidole juu nikasema: “Batu ya parokia, mutu anaweza kuwa na upendeleo. Mais ordinateur haiko na ndugu!”

Wakapiga makofi. Nikabonyeza.

212.

Watu mia tatu wakatazama karatasi zao, kisha kutoka benchi la katikati akainuka Mama Kahindo, mikono miwili juu, uso wote unang'aa, na kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti akalia:

“Ni yangu! Aksanti Mungu! Nilijua, mimi nilijua! Niliiona jeudi ku ordinateur ya mukwe wangu!”

Niliisikia sentensi ile, na Alhamisi yake, ikisafiri ukumbini, na nyuma yake vichwa vikigeuka, benchi baada ya benchi, kwanza kumtazama yeye, halafu kunitazama mimi.

Papa Mbusa akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao uliooza: “Mama, unasema uliiona wapi?”

“Ku nyumba,” akajibu, bado anacheka. “Jeudi. Ilikuwa hii hii, mia mbili na kumi na mbili. Mukwe alisema njo itaonekana dimanche.”

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: “Ordinateur haiko na ndugu, mais iko na mama mukwe!”

Ukumbi ukapasuka. Walicheka kwanza, na kama wangeishia kucheka nisingekuwa na mkasa wa kusimulia, lakini kicheko kile kilikuwa na meno. “Balishagawa nguruwe mu salon yabo!” “Sisi tunanunua tiketi, bo banakula nyama!” Mama mmoja aliyekuwa ameketi bega kwa bega na mama mkwe akasogea, si mbali, labda upana wa kiganja, lakini niliuona upana ule kutoka mbele. Mama Kahindo naye akauona. Mikono ikashuka. Alikuwa bado hajaelewa kosa ni nini, alielewa tu kwamba amesema kitu na benchi limesogea.

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo akafikiri. Mimi nikachukua kipaza sauti.

“Hapana! Hapana batu yangu! Ni hasard tu, yaani ni bahati. Tunaanza upya, tutaona namba ingine.”

Nikaizima programu, nikaiwasha tena mbele ya macho yao.

212.

Sitaeleza kelele ile. Nitasema tu kwamba hata nguruwe alinyamaza. Jasho likanitoka mgongoni, na kwa sababu fundi redio akishindwa huwa anazima kitu chote na kukiwasha tena, nikazima kompyuta nzima. Mashine yenyewe ni mzee, inachukua muda wake kuamka, na kwa dakika zote zile watu mia tatu walikaa wananitazama nikiitazama skrini nyeusi. Ilipoamka nikabonyeza, na kabla namba haijatokea, ukumbi mzima, watoto na wazee na kwaya kwa sauti nne, wakaimba pamoja: “Mia mbili na kumi na mbili!”

Ikatokea 212.

Ndipo nikaelewa. Karata usipozichanganya, unazigawa kwa mpangilio uleule kila siku. Ndani ya mchezo mmoja zinaonekana zimevurugika, lakini rudia mchezo kutoka mwanzo, utapata zilezile, ya kwanza ileile, ya pili ileile, hadi mwisho wa dunia. Ule mstari usioonekana ndio uliokuwa mkono wa kuchanganya, na mimi nilikuwa nimeukata mkono.

Kavira alikuwa ameshafika. Akafungua maandishi ya programu, yakaonekana kwenye shuka kwa ukubwa wa aibu yangu, akayasoma mara moja, akageuka.

“Vieux Kase,” akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kikamsikia, “RANDOMIZE iko wapi?”

“Nilitosha,” nikajibu, maana yake niliuondoa.

“Ulitosha? Juu ya nini?”

Nikatazama viatu vyangu. “Juu ikuwe mistari kumi.”

“Ilikuwa ngapi?”

“Kumi na moja.”

Papa Mbusa akajongea, mtu mzima wa watu, msimamizi wa kamati, akakunja uso akijaribu kwa moyo wote kuelewa. “Ngoja. Na kama ingekuwa kumi na moja, ingeleta shida gani?”

Ndugu zangu, niliulizwa maswali mengi maishani, na askari wa barabarani, na baba wa mke wangu siku ya posa, lakini hakuna lililokuwa gumu kama lile. Kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: hakuna. Hakuna shida yoyote. Ningefagia karakana yangu.

Ningeweza kuishia hapo nikae, na nilitamani. Lakini niliona mama mkwe ameshusha kitenge kutoka kichwani hadi kwenye paji la uso, kama watu wanavyofanya msibani, na pembeni yake nafasi imekuwa ya watu wawili. Basi nikasema yote. Nikasema hakuna aliyepanga kitu, kwamba kosa ni langu, kwamba niliharibu mashine kwa kutaka sifa ya mstari mmoja, kwamba mama huyu alipita na viazi akaniuliza swali na mimi nikamjibu ovyo. Kavira akaurudisha mstari, akaiwasha programu mara tatu ili wote waone: 47, halafu 288, halafu 119. Ilikuwa kazi safi. Hakuna aliyeitazama.

“Kitunga!” wakasema. “Tunataka kitunga!”

Kwa hiyo mimi, niliyekuja kuwaondoa watu kwenye zama za kitunga, nikapewa mkasi na daftari nikaketi mbele ya ukumbi, chini ya shuka la projekta, nikaanza kukata vikaratasi mia tatu na kuandika namba kwa kalamu, moja baada ya nyingine, huku watu wanasubiri na njaa inawauma. Kwenye kama arobaini hivi nikasikia mtu anavuta kiti. Ni mama mkwe. Hakunitazama (na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani hovyo hata siku njema). Akaanza kukunja. Mimi nakata na kuandika, yeye anakunja. Tulipofika 211 nikasita na kalamu, na Papa Mbusa aliyekuwa amesimama juu yetu akakohoa, akasema labda namba ile tuiruke, kwa ajili ya amani.

Mama Kahindo akainua kichwa.

“Tia,” akasema. “Nilinunua kama bote.”

Nikaandika. Akaikunja sawasawa na zile nyingine, akaitupa kitungani mbele ya macho yao.

Ilitoka namba ya motard mmoja, mwendesha pikipiki ya abiria, ambaye hakuwa hata wa parokia yetu, alimleta mteja akanunua tiketi ili apishe muda. Watu wakamsaidia kumfunga nguruwe kwenye pikipiki, na nguruwe yule mwenye mimba, na utepe wake, akaondoka akiwa ameketi nyuma kama bibi harusi.

Baada ya hapo wanaume wakatoka, ila mimi nilibaki nikikunja nyaya, nikijifanya ni nyingi. Akina mama wakakaa kwa ajili ya ile habari ya ufunguo. Mmoja akasema kwa upole kwamba pengine tungoje, kwamba maneno ya leo si mazuri, watu watasema. Wengine wakaguna kukubali. Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu, na mimi niliendelea kuzungusha waya uleule.

Ndipo akasimama Mama Katungu, mkubwa wao, mama mnene asiyependa kusimama bila sababu.

“Muniambie,” akasema. “Mwizi gani anasimama mbele ya parokia yote na kusema, mimi niliiona jeudi?”

Akawageukia benchi kwa benchi.

“Mwizi angenyamaza. Angesema, ah, bahati! Angebeba nguruwe yake. Huyu hakuulizwa na mutu, alisema mwenyewe, tena kwa furaha. Mimi nataka ufunguo wa sufuria ukae kwa mutu ambaye hata kama kijiko moja imepotea, atakuya kupiga kelele mbele ya batu bote hivi hivi. Banani banakataa?”

Hakuna aliyekataa. Mtu akacheka, halafu wawili, na mara hii kicheko hakikuwa na meno. Wakampa ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema “Wasingya,” asante ya Kinande, kwa sauti ndogo sana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na kompyuta begani. Karibu na lango akasimama bila kugeuka.

“Mukwe. Kama haukutosha ule mustari, namba yangu ingetoka?”

“Hapana jua, Mama. Hakuna mutu angejua.”

“Basi nguruwe haikukuwa yangu hata siku moja.”

“Hapana, Mama.”

“Ni mimi tu nilikuwa nayo siku tatu.”

Akazunguka nyuma ya nyumba, na mimi, sijui kwa nini, nikamfuata. Huko, penye majani ya ndizi, palikuwa na kibanda kipya. Nguzo nne zilizochongwa, mbao zilizofungwa kwa kamba za mgomba, na chini majani makavu yametandikwa kwa utaratibu, na upande mmoja sehemu ndogo iliyozibwa vizuri, ya watoto, wasilaliwe na mama yao. Alikijenga tangu Ijumaa, mimi nikiwa karakana nikijisifu. Akainama, akaanza kuyakusanya majani yale kwenye kikapu, akaniambia yatafaa kwa kuwashia moto.

Sijamwambia mtu yeyote kile nilichojiapia mbele ya kibanda kile, ila nyinyi nawaambia: kitu chochote kinachobeba tumaini la mtu mwingine, sitakipunguza tena hata herufi moja ili mimi nisifiwe. Kiwe kirefu. Kiwe kibaya. Wanicheke.